Nywele Zangu Ziko 4C: Nani Alizipanga Darasa?

Wiki ya pili tu ya mwaka wa kwanza, nimetoka kuoga, taulo kichwani, rumeti wangu akaniuliza: “Shosti, wewe ni 4C?” Nikamjibu kwa moyo mweupe kuwa hapana, mimi nilisoma 4B, na mwalimu wetu wa darasa alikuwa wa Jiografia. Alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe hakuwa anaulizia kidato cha nne. Alikuwa anaulizia nywele.

Kabla hujanicheka na wewe, kumbuka ulikotoka. Wasichana wengi tuliosoma shule za serikali tulikata nywele kuanzia darasa la kwanza mpaka kidato cha sita. Bweni nililokaa mimi, Jumamosi ilikuwa siku ya mikasi. Matroni anapitisha mkono kichwani, kidole kikizama unarudi kwenye foleni. Kwa hiyo nilifika chuo na nywele za miezi michache tu, na hizo ndizo zilikuwa ndefu kuliko zote nilizowahi kuwa nazo maishani. Sikujua hata zinaoshwaje. Mama yangu anajua dawa, kuweka na kuritachi. Bibi anajua uzi, na bibi yuko kijijini. Basi mwalimu wangu akawa simu, na simu ilikuwa inafundisha kutoka Marekani.

Huko ndiko nilikokutana na maneno mawili ambayo mpaka leo yanagombanisha watu kwenye korido yetu ya hosteli. La kwanza ni hilo la 4C, yaani kuzipanga nywele kwa aina. La pili ni hiti treningi, ambayo sisi tunaiita kufundisha nywele: unazipiga pasi mara kwa mara mpaka zizoee kunyooka. Nimeyajaribu yote mawili kwenye kichwa changu, na la pili nimelilipa kwa nywele zenyewe. (Kaka zangu mnaofuga afro, msifunue ukurasa unaofuata. Na ninyi mmo.)

Tuanze na madarasa. Mfumo wa namba na herufi ulitungwa na Andre Walker, mtengeneza nywele wa Oprah Winfrey, na ulifahamika zaidi kupitia kitabu chake cha mwaka 1997. Namba 1 ni nywele za singa, 2 ni za mawimbi, 3 ni za viringo, 4 ni za kipilipili. Herufi inaonyesha mkunjo unavyozidi kubana. Ila aina ya 4 ya Walker iliishia kwenye B. Hiyo 4C iliongezwa baadaye na watu wenyewe mitandaoni, kwa sababu wengi hawakujiona kwenye 4A wala 4B. Yaani darasa ambalo karibu korido yetu nzima imo, aliyetunga mfumo hakuliweka! Na mwaka 2011, akihojiwa na jarida la Elle, Walker huyo huyo alisema nywele za kipilipili zina mitindo michache, na kwamba ni hizo tu ambazo angeshauri zilainishwe kwa dawa. Watu walikasirika, na mimi nawaelewa.

Kupanga watu kwa mkunjo wa nywele si jambo geni, wala si la kuchezea. Afrika Kusini wakati wa ubaguzi wa rangi, baada ya sheria ya mwaka 1950 ya kuandikisha watu kwa rangi zao, mtu ambaye maofisa walimtilia shaka aliweza kuchomekwa penseli kwenye nywele. Ikidondoka, anapita kama mzungu. Ikibaki, hapiti. Watu wa familia moja walijikuta kwenye makundi tofauti, na kundi lilikuwa linaamua unaishi wapi, unasoma wapi na unamuoa nani. Sisemi rumeti wangu na maofisa wale ni kitu kimoja, jamani. Nasema tu mkunjo ukishageuzwa kuwa daraja, kuna mtu atawekwa chini, na hata leo ukifungua kurasa za nywele za asili utaona wa 3C ndiye anayewekwa mbele huku wa 4C akiambiwa avumilie.

Sasa tuje kwenye kipimo chenyewe. Sisi wa elimu tunasoma upimaji na tathmini, na kuna maswali mawili unayouliza kuhusu mtihani wowote. Je, unapima kile unachodai kupima? Na je, ukirudiwa, utatoa jibu lile lile? Anza na la pili. Mimi kisogoni nywele zinabana kabisa, mbele zinalegea, na juu ya masikio kuna viringo ambavyo hata sijui vilitoka ukoo gani. Zikiwa na maji ni kitu kingine, zikikauka ni kingine, nikipaka mafuta ya nazi ni kingine tena. Nilijipima mara tatu kwa picha za kwenye simu, nikapata 4A, 4B na 4C. Mtihani unaompa mwanafunzi mmoja alama tatu ndani ya wiki moja tungeufuta.

Swali la kwanza ndilo lililonigharimu bumu. Nilinunua kopo la siagi ya nywele lililoandikwa kuwa ni la 4C, kwa shilingi 28,000, hela ya kula ya siku kadhaa. Nikapaka kama nilivyoelekezwa. Nywele zikalala, zikanata, zikashika vumbi lote la njia ya kwenda maktaba. Rumeti akapaka kopo lile lile, zake zikang’aa. Wote tunaitwa 4C. Tofauti ni kwamba unywele wake mmoja mmoja ni mnene kama uzi wa kushonea, wangu ni mwembamba, ukiushika kati ya vidole huusikii. Herufi ile inaelezea umbo la mkunjo peke yake. Haisemi unywele ni mnene au mwembamba, haisemi kichwa kimejaa kiasi gani, haisemi unanyonya maji haraka au unayakataa. Na hayo ndiyo yanayoamua mafuta gani yatakufaa.

Mwaka 2007 watafiti wa kampuni ya L’Oréal walitoa mfumo mwingine. Walipima kipenyo cha mkunjo, wakahesabu mawimbi na misokoto kwenye unywele, kwa watu kutoka nchi 18, wakapata aina 8. Huu nauheshimu zaidi, maana angalau rula haina upendeleo. Lakini hata aina hizo 8 ni za umbo. Hazikuambii utumie nini Jumamosi.

Sitaki kuwa mnafiki lakini. Kabla ya 4C, jina la nywele zangu kila saluni niliyoingia lilikuwa moja tu: ngumu. “Dada nywele zako ngumu hizi, niongeze elfu mbili.” Kuandika 4C kwenye simu na kuona wanawake mia wenye kichwa kama changu, wamependeza, kulinisaidia kuliko ninavyoweza kueleza hapa. Kama jina la kutafutia watu wa kufanana nao, nalikubali. Kama maelekezo ya matumizi, hapana.

Hili la moto ndilo zito zaidi.

Mwaka wa pili, miezi miwili kabla ya kwenda fildi ya kufundisha, niliamua kwamba mwalimu anatakiwa awe na nywele zilizotulia. Nani aliniambia? Hakuna. Niliamua tu. Nikawa naenda saluni kila wiki kupiga pasi. Msusi akaniambia nywele zikizoea zitanyooka zenyewe, na wiki ya tatu, alipoona bado zinarudi, akasema: “Zako zinachelewa kufundishika, tupandishe moto.” Tukapandisha.

Hapo neno lenyewe ndilo lililonidanganya, na aibu ni kwamba nasomea ualimu. Unywele ukishatoka kwenye ngozi ni kitu kilichokufa. Hauna damu wala mshipa wa fahamu, ndiyo maana ukikatwa husikii. Umbo lake linapangwa chini ya ngozi, kwenye kifuko kidogo kinachouotesha. Kifuko kikiwa kimepinda, unywele unatoka ukiwa unajikunja. Pasi haifiki huko. Unaweza kupiga pasi miaka kumi na sentimita moja hivi inayoota kila mwezi itatoka na mkunjo ule ule, haijasikia lolote.

Kinachotokea kwenye sehemu iliyoota tayari ni hiki. Unywele umetengenezwa kwa protini inayoitwa keratini, na ndani yake kuna vifungo vinavyoshika umbo. Vipo vya haidrojeni, ambavyo ni dhaifu: maji yanaviachia, joto linaviachia, halafu vinashikana tena unywele ukikauka au kupoa. Ndiyo maana ukipiga pasi Ijumaa, jasho la kwenye daladala Jumatatu linazirudisha. Hapo hakuna ubaya mkubwa, umeazima tu unyoofu. Vipo pia vya salfa, ambavyo ni imara. Dawa ya kulainisha ndivyo inavyovivunja, na ndiyo maana nywele za dawa hazirudi kwa maji.

Sasa pasi ikiwa na moto mkali, kama nyuzijoto 200 kwenda juu, keratini yenyewe inapoteza mpangilio wake. Kama yai likishaiva, hulirudishi kuwa bichi. Na pasi nyingi zinapanda mpaka kama 230. Ukipiga pasi nywele ambazo hazijakauka ndiyo kabisa: maji yaliyomo ndani ya unywele yanachemka, mvuke unatafuta pa kutokea, na unaacha vitundu kama vya chapati. Mlio ule wa “chsss” pale saluni, tuliokuwa tunausikia tukadhani ndiyo pasi inafanya kazi, ni huo.

Kwa hiyo nywele “zilizofundishika”, zile zinazooshwa na hazijikunji tena, ni nywele ambazo joto limezipita kiwango. Kwenye saikolojia ya elimu tunafundishwa kuwa kujifunza ni badiliko la kudumu linalotokana na uzoefu. Badiliko la kudumu lipo, sikatai. Ila kwa hesabu hiyo hata sufuria iliyoungua imejifunza.

Wiki ya nane niliosha, na nywele za mbele zikaning’inia kama nyuzi za katani. Nilifurahi! Nikampigia mama simu. Wiki mbili baadaye nilikuwa fildi, na chanuo lilikuwa linatoka na vipande vifupi vifupi kila asubuhi. Nikaanza kufunga kilemba kwenda darasani. Siku moja kilemba kilikuwa kimefuliwa, nikaingia Kidato cha Pili bila. Wasichana arobaini wenye vichwa vilivyokatwa sawasawa wananitazama. Mmoja wa mbele akanyosha mkono, nikadhani ni swali la somo. “Mwalimu, samahani, tukimaliza shule tukaachwa tufuge, ndiyo zinakuwa hivyo?” Wenzake wakamzomea kwa adabu mbaya. Yeye hakuwa na adabu mbaya, alikuwa anataka kujua. Nikamwambia hapana, hizi nimeziunguza. Darasa likanyamaza, halafu maswali yakamiminika, na kipindi cha Kiswahili kikaisha tukiwa kwenye nywele.

Nilivyorudi chuo nikakata. Nikabaki na kama sentimita tatu.

Lakini kama nilivyosema, ugomvi wa korido haujaisha, na sababu ni rumeti wangu. Yeye ana miaka mitatu anapiga pasi na nywele zake zinafika mabegani. Anapiga mara moja kwa mwezi, zikiwa zimeoshwa na kukauka kabisa, anapaka dawa ya kukinga joto, anaweka 180, anapitisha mara moja tu kwa kila fungu. Na ana ule unywele mnene wenye akiba. Nikimwambia anaziharibu ananijibu: “Najua. Nazipunguza polepole na nazikata ncha. Wewe ulitaka uzipate bure.” Kusema kweli hapo sina jibu. Dawa ya kukinga joto inapunguza madhara, haiyaondoi, na analijua hilo. Anajua anachotoa na anachopata. Mimi nilidhani natoa mafunzo.

Ninachopigania kwenye korido ni kwamba tuache kuita mafunzo. Tuseme kunyoosha kwa kuunguza kidogo kidogo, kisha kila mtu achague.

Mimi likizo iliyopita nilimwendea bibi. Akanikalisha kwenye kigoda, akanifunga uzi mweusi, fungu kwa fungu, kuanzia kwenye ngozi mpaka ncha. Kesho yake alipofungua, nywele zilikuwa zimevutika karibu mara mbili ya urefu, bila moto, bila Luku. Zikipata maji zinarudi, na tunafunga tena. Kichwa kinauma usiku wa kwanza, na ukikaza sana nywele za kwenye paji la uso zitaondoka, kwa hiyo na uzi nao si malaika.

Kama unataka kujua zako ziko wapi, chukua unywele uliodondoka, mzima, uweke kwenye maji dakika chache, uulaze juu ya karatasi. (Usihangaike na ile ya kuangalia kama unazama au unaelea kwenye glasi, mafuta uliyopaka yanatosha kuuelesha.) Linganisha upande wa mzizi na upande wa ncha. Mzizi ukijikunja na ncha ikalala imenyooka, joto limeshapita hapo.

Rumeti wangu amefanya hivyo jana usiku nikiwa naandika makala hii. Nyuzi kumi juu ya karatasi ya daftari. Saba zilijikunja zote, tatu zilikuwa zimelala kuanzia katikati. Akazitazama kwa muda. Akasema tatu si mbaya, akachukua mkasi akaanza kutafuta ncha.