Je, Wajua? Namba Inayoachwa Nyuma

Je, wajua kwamba kabla ya Aprili 2015 pesa za M-Pesa ulizomtumia mtu wa Changamwe ukiwa Likoni zilipitia Ujerumani? Mitambo ilikuwa huko! Wewe ungali wasubiri feri, pesa zishakwenda Ulaya na kurudi. Mwezi huo huduma ikasimamishwa makusudi kwa saa kadhaa, mitambo ikahamia Kenya.

Hebu fungua meseji zako. Ile namba ya muamala yenye herufi na tarakimu 10 haikuzuka ovyo: herufi ya kwanza ni mwaka, ya pili ni mwezi. R ni 2023, S ni 2024, T ni 2025. A ni Januari, B ni Februari. Kaangalie, nakungoja.

Ushaona? Sasa shika hili. Nyuma ya risiti zinazofuatana namba huwa kuna kihesabu, kazi yake kutoa namba inayofuata, basi. Na seva inapohamwa, kihesabu ndicho husahauliwa! Hifadhidata ya PostgreSQL ilipoanza kunakili majedwali kutoka seva moja hadi nyingine kwa njia ya usajili, toleo la 10, mwaka 2017, data yote ilivuka ila kihesabu hakikuvuka. Tuseme duka la Kongowea lina risiti 80,000. Zote zafika salama, kisha seva mpya yataka kumpa mteja wa kwanza risiti namba 1. Hifadhidata yagoma: namba 1 ina mwenyewe!

Dawa yake ni fupi hata utacheka. Zuia maandishi mapya kwenye seva ya zamani, soma kihesabu kilipofika, kiweke hapo kwenye seva mpya kwa amri ya setval, ndipo uizime ile ya zamani. Wajanja huongeza elfu moja juu. Namba zikiruka si neno. Zikijirudia, ole wako.

Na huruka kweli! Muamala ukifutwa katikati, PostgreSQL hairudishi namba iliyokwisha kutoka. Seva ikizimika ghafla (umeme wa Kisauni wausikia mwenyewe) kihesabu chaweza kuruka hadi namba 32. Ukiizima kwa utaratibu, hakiruki.

Lakini kichekesho ni hifadhidata nyingine, MySQL. Kihesabu cha InnoDB, injini yake ya kuhifadhi data, kilikuwa kikikaa kwenye kumbukumbu ya muda tu. Futa risiti ya mwisho, zima, washa: namba ileile yapewa mtu mwengine! Hitilafu hiyo iliripotiwa 2003, ikasubiri hadi toleo la 8.0, mwaka 2018. Miaka 15, jamaa! Mtoto aliyezaliwa siku hiyo kashaingia sekondari.

Flickr, mtandao wa picha, walikwepa balaa la namba kujirudia kwa seva mbili: moja ikitoa witiri, nyingine shufwa. Zima yoyote utakayo, namba hazigongani ng'o.

Wajua kuna kihesabu kidogo kinachokoma 2,147,483,647? Desemba 2014 idadi ya mara wimbo wa Gangnam Style ulivyotazamwa ilikipita kikomo hicho; YouTube ilibidi watumie kihesabu kikubwa zaidi. Ukitoa namba milioni moja kila sekunde, kile kidogo chaisha kabla ya dakika 36. Kikubwa je? Hicho hufika 9,223,372,036,854,775,807. Kwa kasi ileile, utangoja zaidi ya miaka 292,000!