Umwulize Nani, na Wapi?

Wenzangu wa vidato vya juu huniuliza, "Utafiti wetu tuufanye kwa njia gani, kwa barua, kwa karatasi za maswali, au kwa miguu?" Mimi nami huwauliza, "Mwataka kujua nini?" Swali hilo nililipuuza mwaka jana, nikaaibika.

Nilitaka kujua kwa nini watoto wa kijiji jirani huacha shule. Nikapiga chapa karatasi arobaini za maswali, nikazigawa darasani kwao. Zote zikarudi, na karibu zote zikataja karo. Nikafurahi kama mvuvi aliyejaza ngalawa. Mwalimu akazitazama, kisha akauliza polepole, "Na walioacha wako wapi?" Lo! Wote niliowauliza walikuwa wameketi darasani.

Ndipo nilipozifahamu vema habari za Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Uganda. Mwaka 1957 alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe wa taya, kisha akaona wengine. Kisu hakikuwaponya. Hadubini yaweza kuonyesha uvimbe ni wa namna gani, lakini yeye alitaka kujua hupatikana wapi. Basi akatuma karatasi zenye picha kwa hospitali nyingi za Afrika, na majibu akayatia katika ramani.

Lakini hospitali isiyojibu, je, haina ugonjwa, au haina nafasi ya kuandika? Barua haisemi. Kwa hiyo mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walishika njia kwa motokaa iliyokwisha tumika, safari ya maili 10,000 hivi, hata Afrika Kusini, wakizuru hospitali zaidi ya 50. Waliuliza ugonjwa uko wapi, wakauliza pia wapi haupo. Nyanda za juu haukuwapo. Wangeweza kusema ni mwinuko tu. Lakini kadiri walivyokwenda kusini, hata mahali pa chini zaidi haukuonekana. Basi jambo lenyewe lilikuwa joto na mvua. Leo twajua kwamba ugonjwa huo unahusiana na malaria, pamoja na kirusi kilichotangazwa mwaka 1964 na Epstein, Achong na Barr huko London.

Mwezi uliopita nilikwenda sokoni bila karatasi, nikaketi na vijana watano walioacha shule. Watano si wengi, najua. Lakini watatu hawakutaja karo kabisa. Walitaja mto, na daraja lililochukuliwa na maji.