Bakuli la Makapi

Kusini ya ziwa la Victoria Nyanza, katika nchi ya Wasukuma na katika mbuga za Serengeti, wako kasuku wadogo waitwao cherero. Urefu wa mmoja, tangu mdomo hata mkia, wapata sentimeta 15, na uzito wake ni kama wa yai la kuku. Mwili wake una rangi ya majani mabichi, uso wake ni kama chungwa lililoiva, mdomo wake ni mwekundu, na macho yake yamezungukwa na ngozi nyeupe, hata mtu akimtazama hudhani amevaa miwani. Wataalamu wamemwita kwa jina la Fischer, daktari Mdachi aliyesafiri katika nchi hizi, akafa mwaka 1886.

Cherero hawezi upweke. Huruka kwa makundi yenye kelele nyingi, hula mbegu za majani, na mtama na mahindi ya watu pia, ndiyo sababu wakulima hawamsifu sana. Dume na jike wakiisha kupatana hukaa bega kwa bega juu ya tawi, wakichambuana manyoya kwa midomo yao. Wazungu walipoona hayo wakawaita ndege wa mapenzi.

Jina hilo zuri ndilo lililowaponza, maana kila mtu alitaka kuwa nao nyumbani. Katika mwaka 1987 cherero huyu ndiye ndege wa mwitu aliyeuzwa kwa wingi kupita wote katika biashara ya ndege kati ya nchi na nchi. Makundi yakapungua katika nchi yake mwenyewe. Baadaye Tanzania ilizuia wasipelekwe nje, na tangu mwaka 2007 Umoja wa Ulaya umekataza ndege wa mwitu wasiingizwe kwa kuuzwa. Basi cherero walio katika matundu ya Ulaya na Marekani leo, walio wengi wamezaliwa humo humo tunduni, wao na wazazi wao. Lakini kuzaliwa tunduni hakukuwaondolea asili yao. Aliye peke yake bado huita kundi lake asubuhi na jioni, na kundi lake ni watu wa nyumba ile tu, hana jingine.

Tazama jinsi mambo yaendavyo mara nyingi. Mtoto hupewa cherero siku ya sikukuu. Majuma ya kwanza hamwachi hata kidogo. Humwita, humlisha, huwaonyesha rafiki zake. Kisha ndege huuma kidole. Tena hupiga kelele alfajiri, na makapi hutapakaa sakafuni. Tundu huhamishwa kutoka sebuleni kwenda chumba cha nyuma, na siku za kusafishwa kwake huanza kusahauliwa. Hakuna katika nyumba ile aliyekusudia ukatili. Walakini cherero akitunzwa vema aweza kuishi miaka 10 hata 15, na sikukuu ni siku moja.

Jambo moja limewaua ndege wengi, nalo halijulikani na watu wengi. Kasuku hamezi mbegu pamoja na ganda lake. Huivunja kwa mdomo, hula kiini, na ganda huliacha lianguke bakulini. Mtu akipita mbali na tundu huona bakuli limejaa, husema, “Chakula kingali kipo,” akaenda zake. Kumbe kilichomo ni makapi matupu, na ndege anakufa njaa mbele ya bakuli lililojaa. Dawa yake ni rahisi: kila siku bakuli lipulizwe, makapi yatoke, mbegu zibaki, ndipo mtu ajue kilichopo.

Tena mbegu peke yake hazitoshi. Cherero alishwaye mbegu tupu miaka mingi hunenepa, na ini lake huharibika. Yampasa kupata mboga za majani na karoti pia. Parachichi ni sumu kwake. Upweke nao una alama zake: ndege hujinyofoa manyoya ya kifuani hata ngozi ikaonekana. Na akiugua huficha ugonjwa wake, kwa kuwa porini ndege adhaifu huonwa kwanza na mwewe. Kwa hiyo aonekanapo amejikunja chini ya tundu, ugonjwa wake ni wa siku nyingi.

Wengine wakichoka humfungulia mlango aruke, wakidhani wamempa uhuru. Katika Ulaya baridi na njaa humwua upesi. Katika Kenya wako walioponyoka wakaishi: huko Naivasha makundi ya cherero wa Fischer na cherero wa shingo ya manjano, ambao wote wawili asili yao ni Tanzania, wamechanganyika na kuzaana, nao hukaa katika mashimo ya miti ambayo ndege wenyeji huyahitaji pia.

Afadhali mwenye ndege aseme mapema kwamba hawezi tena, na kumtafutia mlezi. Hapana aibu katika kusema hivyo. Aibu ni katika chumba cha nyuma. Ampe mlezi na tundu lile lile, na chakula alichokizoea, amweleze na desturi zake, kwa maana ndege asiyepata kuona mboga hajui kwamba ni chakula, akibadilishiwa ghafula atashinda na njaa. Kama mlezi ana ndege wengine, mgeni akae chumba mbali muda wa siku 30 au zaidi, ijulikane kwamba hana ugonjwa. Kisha matundu mawili huwekwa karibu karibu, ndege wasemezane kabla ya kukutanishwa.

Ndege aliyesahauliwa huogopa mkono. Mlezi mwenye akili hamkamati, bali huketi karibu na tundu kila siku saa ile ile, akisema naye polepole, huku ameshika shuke la uwele kati ya vyuma. Siku za kwanza ndege hukimbilia pembe ya mbali. Baada ya siku nyingi hukaribia, hudokoa punje moja, akarudi upesi kijitini pake. Kesho yake hudokoa mbili.