Hesabu ya gofu, hesabu ya zahabu

Ndugu wachimbaji, hapa Musienene hatuna kiwanja cha gofu. Kampala wako nacho, na hesabu ya mchezo ule inatuhusu.

Tangu 2020 kuko hesabu moja ya dunia ya handikapu, namba inayomsaidia mudogo kushindana sawa na fundi. Programu ya telefone inachukua matokeo 20 ya mwisho, inabakiza 8 yaliyo mazuri zaidi, inatafuta wastani. Kiwanja kigumu nacho kinahesabiwa. Mchezaji anafungua, anaona kila namba ilitoka wapi.

Sisi je? Zahabu ya Manguredjipa ikifika kwa mnunuzi, yeye peke yake anabonyeza mashine. Sisi tunasikia bei tu.

Basi tumuulize mambo tatu: gramu ngapi, karati ngapi, bei ya dunia leo ni ngapi? Bei ile inatajwa kwa onsi: gramu 31,1 za zahabu safi, karati 24. Gramu 10 za karati 22, safi ndani yake ni 9,17. Ni kuzidisha kwa 22, kugawa kwa 24, hata telefone ya bei ndogo inaweza.

Tuandike kila mauzo ndani ya kaye. Mwenye hesabu isiyoeleweka aje nayo kwenye mukutano wetu.