TAARIFA KWA WATUMISHI WA SERIKALI NA WANANCHI: DAWA ZA MARADHI YA AKILI

Hutokea mgonjwa wa akili akaanza dawa, shingo ikakakamaa na macho yakapinduka juu, na jamaa zake wakaitupa dawa kwa kudhani kuwa ni sumu au ni shetani aliyekasirika. Kwa hivyo wananchi wanafahamishwa yafuatayo:

1. Kazi ya dawa. Dawa ya mwanzo ya aina hii, klopromazini, ilianza kutumika kwa wagonjwa wa akili mjini Paris mwaka 1952. Ubongoni mna kemikali iitwayo dopamini, inayopeleka habari baina ya chembe na chembe. Ikizidi nguvu katika baadhi ya sehemu, mtu huweza kusikia sauti zisizokuwapo na kuwadhania watu ubaya. Dawa huziba mahali inapopokelewa dopamini hiyo. Utulivu huweza kuja mapema, bali sauti na dhana huchukua wiki kadhaa kupungua.

2. Madhara. Dopamini hiyo hiyo ndiyo inayosaidia mwendo wa viungo. Ndiyo maana dawa kama haloperidoli huweza kuleta kukakamaa, kutetemeka na kutotulia mahali pamoja. Hayo yana tiba: tabibu hupunguza kipimo, hubadilisha dawa au huongeza nyengine. Dawa za baadaye, kama olanzapini, huleta zaidi unene na sukari. Atumiaye kwa miaka mingi huweza kuchezwa na mdomo na ulimi bila ya kutaka; dalili hiyo iripotiwe mapema, kwani huenda isiondoke. Homa kali pamoja na mwili kukakamaa na fahamu kupotea ni hatari ya roho: mgonjwa afikishwe hospitali saa hiyo hiyo.

3. Wajibu wetu. Dawa isikatishwe ghafla kwa sababu mgonjwa amepata nafuu. Nafuu hiyo mara nyingi ndiyo kazi ya dawa, na maradhi huweza kurejea kwa nguvu. Mwezi wa Ramadhani ukikaribia, tabibu aulizwe kuhusu saa za kumeza dawa. Wakuu wa ofisi nao wanakumbushwa kuwa mtumishi anayesinzia kwa dawa si mvivu. Apewe ruhusa ya kwenda kliniki.

Mgonjwa ni mwenzetu. Tumsitiri, na tumsaidie kudumu na dawa yake.