Mahindi ni yaleyale: Kwa nini yaliua wakulima Italia lakini si Mexico?

Mpe mtu wa Dodoma au Eldoret sahani ya polenta, hatahitaji maelezo mengi. Ni unga wa mahindi, maji ya moto na mkono wenye nguvu ya kusonga. Kwa kifupi ni ugali, ila Waitalia hutumia zaidi mahindi ya njano, na zamani waliumimina juu ya ubao kisha wakaukata kwa uzi.

Leo polenta inauzwa kwenye migahawa ya maana. Lakini kwa zaidi ya karne moja, chakula hiki kilikwenda sambamba na ugonjwa uliowamaliza wakulima wa kaskazini mwa Italia. Ngozi ilibabuka, tumbo likaharisha, akili ikavurugika, na wengi walikufa.

Cha kushangaza, mahindi yenyewe yalitoka Mexico, ambako watu wameyala kwa maelfu ya miaka bila janga la aina hiyo. Sasa shida ilikuwa wapi?

Asubuhi polenta, jioni polenta

Mahindi yalifika Ulaya baada ya safari za Christopher Columbus zilizoanza mwaka 1492. Kabla ya hapo, maskini wa Italia walisonga polenta ya nafaka nyingine kama uwele.

Shamba la mahindi lilitoa chakula kingi kuliko la ngano, na wamiliki wa ardhi walilipenda hilo. Ngano iliuzwa, mkulima akabaki na mahindi. Nyama na maziwa vilikuwa vya wenye nacho.

Mwaka 1735, daktari wa Hispania, Gaspar Casal, aliueleza ugonjwa huo aliouona kwa wakulima maskini wa Asturias. Mwaka 1771 Francesco Frapolli wa Milan aliuandika kwa jina tunalolijua leo, pelagra, maana yake ngozi iliyokwaruza. Kufikia mwaka 1881, Italia ilikuwa na wagonjwa zaidi ya 100,000.

Wataalamu walibishana kweli. Cesare Lombroso, mmoja wa madaktari maarufu wa Italia wakati huo, alishikilia kwamba sumu ilitoka kwenye mahindi yaliyoharibika. Kumbe hata mahindi mazuri yangewaumiza, kwa sababu hawakuwa na kitu kingine cha kula.

Siri ilikuwa kwenye chokaa

Huko Mexico, mama wa kijijini hasagi mahindi makavu. Anayachemsha kwenye maji yenye chokaa, anayaacha usiku kucha, asubuhi anayaosha hadi maganda yatoke. Ndipo anayasaga yakiwa bado na unyevu. Mahindi hayo yanaitwa nixtamal, na kinyunya chake kinashikana vizuri. Ndiyo maana tortilla inatandazwa kama chapati bila kukatika.

Kazi kubwa ya chokaa haionekani kwa macho. Mahindi yana vitamini B3, au niasini, lakini sehemu kubwa imefungwa ndani kiasi kwamba tumbo haliwezi kuipata. Chokaa inaifungua. (Usikimbilie ile ya kupaka ukutani, inayotumika jikoni ni ya kiwango cha chakula.)

Halafu kuna maharage. Wakulima wa Mexico hupanda mahindi, maharage na maboga kwenye shamba moja, na huvila pamoja. Mwili unaweza kujitengenezea niasini kutoka kwenye protini, ila protini ya mahindi ina upungufu wa kiungo kinachohitajika. Maharage husaidia kuziba pengo hilo.

Wahispania walibeba mbegu kwenda Ulaya. Mapishi waliyaacha.

Jibu lilichelewa hadi karne ya 20, na lilitoka Marekani, ambako pelagra iliua maelfu ya maskini wa majimbo ya kusini. Daktari Joseph Goldberger aligundua jambo dogo: kwenye hospitali za wagonjwa wa akili, wagonjwa walipata pelagra lakini wauguzi hawakuipata. Kama ni ugonjwa wa kuambukiza, mbona unachagua? Mwaka 1915 aliwalisha wafungwa waliojitolea huko Mississippi chakula kilichojaa mahindi bila nyama wala maziwa, kwa ahadi ya msamaha. Kati ya 11, sita waliugua. Leo jaribio hilo lisingepita kwenye kamati yoyote ya maadili. Mwaka 1937, Conrad Elvehjem alionyesha kwamba kilichokosekana ni niasini.

Si hadithi ya zamani tu

Mwaka 1990 pelagra ililipuka karibu kabisa na kwetu, nchini Malawi, kwa wakimbizi waliokimbia vita Msumbiji. Unga wa mahindi walikuwa nao. Kilichokatika ni mgao wa karanga. Ndani ya miezi michache, karibu watu 18,000 waliugua.

Karanga tu.

Hapo ndipo makande yanapostahili heshima. Chakula hiki ambacho Wapare wanajulikana nacho Tanzania, na ambacho Kenya kina ndugu yake githeri, kinachanganya mahindi na maharage kwenye sufuria moja. Wanafunzi wa bweni wanakilalamikia kila muhula, lakini hakimwachi mlaji na mahindi peke yake.

Vipi kuhusu dona? Lina nyuzinyuzi na virutubisho vingi kuliko sembe, hilo halina ubishi. Ila niasini yake nyingi bado imefungwa, kwa hiyo dona na chumvi bado ni mlo wenye pengo. Mambo yanabadilika pale bakuli la pembeni linapokuwa na dagaa, maharage, maziwa au karanga za kusaga.

Na mwezi ukiwa mgumu, bakuli hilo ndilo la kwanza kupungua.