Shanga za Moto Nyuma ya Eropleni

Mtu akiitazama eropleni ya kijeshi ikiruka usiku kwa nguvu zake zote, huona nyuma yake ulimi mrefu wa moto, na ndani ya ulimi huo vipande ving'aavyo vilivyofuatana kwa nafasi, kama shanga katika uzi. Wengine hudhani kwamba mtambo umeharibika, au kwamba ni taa zilizotiwa makusudi. Sivyo. Ni kazi ya gesi yenyewe, na sababu yake si ngumu kufahamu.

Kwanza yafaa tujue mwendo wa sauti. Karibu na usawa wa bahari sauti hupita hewani mita 340 hivi kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 1,200 kwa saa. Sauti ndiyo mjumbe wa hewa: mahali hewa inaposukumwa, habari za msukumo huo hupelekwa kwa mwendo huo. Lakini gesi ikikimbia kupita mwendo wa sauti, mjumbe hawezi kurudi nyuma kuionya ile inayokuja.

Fikiri kundi la ng'ombe likikimbia katika njia nyembamba. Wa mbele wakizuiwa ghafula, wa nyuma hawana habari. Huwagonga wenzao na kusongamana. Ndivyo gesi ifanyavyo. Inaposongamana, mkazo wake hupanda mara moja, joto huongezeka, na mwendo hupungua. Mpaka huo, ulio mwembamba kuliko unywele, huitwa wimbi la mshindo.

Sasa tuzirudie shanga zetu. Gesi itokapo katika mdomo wa mtambo ikiwa na mkazo uliozidi ule wa hewa ya nje, hutanuka. Kwa kuwa habari za nje huchelewa kuifikia, hutanuka kupita kiasi, hata mkazo wake ukawa chini ya ule wa nje. Hapo hewa ya nje huibana, nayo hubanwa kupita kiasi, kisha hutanuka tena. Kila inapobanwa, mawimbi ya mshindo hutokea, gesi hupata joto, na mafuta yaliyobaki huwaka. Hiyo ndiyo shanga moja. Mambo haya hurudiwa mpaka gesi ichanganyike na hewa na kupoteza nguvu.

Wataalamu waliyajua haya kabla ya eropleni kuwapo. Mwaka 1886 Peter Salcher, mwalimu wa chuo cha wanamaji huko Fiume, mji uitwao leo Rijeka, alipiga picha za risasi hewani kwa maagizo ya Ernst Mach wa Prague. Baadaye wawili hao walichunguza hewa iliyobanwa ikifoka katika matundu membamba, wakaona mistari ya mawimbi ndani yake.

Jambo hili si la kutazamwa tu, maana lina hatari yake. Vikunjo vidogo vya hewa kandokando ya mfoko vinapopita katika mawimbi ya mshindo, hutoa sauti. Sauti hiyo hurudi hewani, nje ya mfoko, mpaka mdomoni mwa mtambo, nayo huzaa vikunjo vipya. Hivyo kelele hujilisha yenyewe, ikawa mlio mkali sana. Mwingereza Alan Powell aliieleza sababu hiyo mwaka 1953. Mlio huo ukidumu, hutikisa mabati ya eropleni mpaka yakapasuka; katika miaka ya 1960 nyufa za namna hiyo zilionekana katika eropleni za VC10. Dawa mojawapo ni kutia meno madogo katika ukingo wa mdomo, ili vikunjo visipangike sawasawa.

Basi msomaji akiona shanga hizo, asizidhanie kuwa pambo. Kwa fundi ni barua: humwambia kwamba mkazo wa gesi na mkazo wa hewa havijapatana, na kwamba yampasa kuuangalia vema mkia wa eropleni kabla haijaruka tena.